Siku moja na maji ya Takwa

Alfajiri, nikishaswali, nateremka gatini hapa Lamu kutazama nguzo. Simu yangu ina jedwali la maji na huliangalia, lakini kwanza naangalia chaza walioshika kwenye nguzo: wamezama mpaka wapi, wangapi wako nje. Leo mwezi una siku sita. Bamvua, siku za maji makubwa, limeshapita na maji yanalegea kuelekea maji mafu, siku ambazo hayajai wala hayapwi sana. Yatajaa saa mbili unusu asubuhi, yatapwa mpaka saa nane unusu mchana, kisha hayatajaa tena ila usiku. Siku yangu nzima imo humo.

Mimi ni nahodha wa mashua ya kuchukua wageni. Wengi wakituona tumekaa gatini hudhani tunapoteza wakati, au kwamba kazi yetu ni kufuata watu kwa maneno matamu. Kazi yetu ni kuyajua maji, na kuyajua kulinichukua miaka ya kuchota ngama, maji yanayovujia chini ya chombo, kwenye vyombo vya watu kabla sijakabidhiwa usukani.

Saa kumi na mbili mimi na mtoto wa dada yangu tunamwaga maji ya ngama, tunapakia mafuta, mkaa, samaki, nazi na madumu ya maji ya kunywa, kwa sababu leo tunakwenda Takwa, magofu yaliyo kisiwani Manda, na Manda maji matamu ni shida. Saa moja tuko tayari.

Wageni wa leo ni sita kutoka Nairobi, watu wa likizo ya Desemba. Tuliagana saa moja kamili, na jana jioni niliwaambia mara mbili. Saa moja unusu napiga simu: wanakunywa chai. Saa mbili napiga tena: wako njiani. Saa mbili unusu, maji yamejaa pomoni hayaendi wala hayarudi, ndipo naona mabegi yao yanatokea kichochoroni.

Nilimwambia yule aliyekuwa msemaji wao, kijana mwenye kamera kubwa: "Bwana, maji ndiyo haya, yanaanza kutoka sasa hivi. Leo niwapeleke Shela, hapa hapa kisiwani Lamu, Takwa twende kesho."

"Kapteni, sisi tumelipia Takwa. Si ni kisiwa hicho hapo? Kinaonekana."

Kinaonekana, kweli. Manda iko mbele ya mji wa Lamu, mlango mmoja tu wa bahari katikati. Lakini Takwa haiko mbele. Takwa iko ndani, mwisho wa hori, mkono wa bahari unaoingia kati ya mikoko mpaka kukaribia kukigawa kisiwa pande mbili. Maji yakijaa, chombo kinafika karibu kabisa na magofu. Yakipwa, hori hilo ni tope na mizizi.

Hapo nilitakiwa nikatae, na sikukataa. Msimu ni mfupi, mafuta nilikuwa nimeyachukua kwa deni, na mwenye chombo anangoja fungu lake. Nikawapa sharti: nusu saa nchi kavu, basi. Wakaitikia wote.

Upepo wa kaskazi ulitukabili usoni, kwa hiyo tulikwenda kwa mashine. Saa nne kasorobo tukafunga chombo. Mtoto wa dada akachomeka kijiti topeni pale maji yalipokoma, ndivyo nilivyomfundisha.

Takwa ni mji mdogo uliokufa. Watu waliishi hapo karne ya 16 na ya 17, kisha wakahama. Wazee husema maji ya visima yaligeuka chumvi, na kwamba wenyewe walivuka wakaenda kukaa Shela. Ukuta uliouzunguka mji bado upo, pia nyumba za mawe ya matumbawe, na msikiti wa Ijumaa wenye nguzo juu ya kibla. Nje ya ukuta kuna kaburi la mnara lenye mwaka 1094 wa Hijria, ambao ni kama 1683. Mwaka 1951 mwanaakiolojia James Kirkman alichimba hapo, na mwaka 1982 pakawa ukumbusho wa taifa. Nyanya yangu ni mtu wa Shela, na watu wa Shela mpaka leo huenda kwenye kaburi lile kuomba mvua. Kwa hiyo nikimwingiza mgeni mle huwa namwingiza kwetu, na ningependa aingie kwa utulivu.

Nusu saa ikaisha. Kijiti kilikuwa kimeachwa na maji shibiri nzima. Nikaenda kuwaita: magofuni hakuna mtu isipokuwa mama mmoja mtu mzima, mama yake yule kijana, ameketi chini ya mbuyu. Wengine wamevuka vilima vya mchanga kwenda upande wa bahari kuu kupiga picha. Nikawafuata, nimevua viatu, mchanga unaunguza. Kijana akaniambia dakika tano. Nikasimama juani nikizihesabu. Zilipita nyingi. Tuliporudi chomboni ilikuwa karibu saa sita, na mtoto wa dada alikuwa amesimama ndani ya maji ya magoti, ameshika upondo, mti wa kusukumia chombo.

"Mjomba, mai yamekwisha."

Tulisukuma. Wawili kwa mabega nyuma, upondo mbele, tope mpaka mapajani, chaza wa kwenye mizizi wananikata nyayo. Tulivuka kona ya kwanza. Ya pili chombo kikalala ubavu kidogo, kikanyamaza. Nilijua hapo mpaka jioni.

Kutoka hapo sikutazama saa tena. Jua lilikuwa utosini. Tulitandika tanga juu ya foromali, mti unaobeba tanga, lipate kuwa kivuli, tukachoma samaki, tukagawa maji kwa kikombe kwa sababu sikujua tutayahitaji mpaka lini. Kijana alisema mimi ndiye nahodha, ningejua. Akasema atapiga simu ije boti ya kasi. Nikamweleza kwamba pale hata boti ya kasi haina maji ya kuelea. Akasema pesa iliyobaki halipi yote. Sikujibu. Mtu akiwa na hofu na jua kichwani, ukimjibu unaongeza. Kazi yangu ilikuwa kuangalia kama kuna anayetapika, kama kuna aliyeacha kunywa maji, na kama chombo kimelala pazuri kisije kikajaa kabla hakijaelea. Baadaye upepo ukakatika na usubi wakatoka mikokoni.

Mama yake ndiye aliyeniuliza juu ya mji. Kwa nini watu wajenge mahali pagumu kufika hivi? Nikamwambia ninavyoona mimi: bahari kuu iko nyuma ya vilima, lakini chombo kinachokuja kwa nia mbaya kingelazimika kupita hapa, na hapa mwenyeji pekee ndiye anayejua saa ya kupita. Akalitazama lile tope muda mrefu, kisha akamwita mwanawe akae kivulini asikilize.

Niliposikia maji yanagonga ubao, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mikoko. Tukaelea. Tukatoka mdomoni mwa hori karibu na magharibi, na kaskazi sasa iko nyuma yetu. Nikazima mashine, tukatweka tanga. Hakuna aliyesema neno mpaka taa za Lamu. Mgongo ulikuwa unaniuma, nyayo zinawaka, na bado nilifurahi kuushika usukani ule.

Gatini kijana alilipa pungufu, mama yake akajaza. Mafuta kwanza, kisha fungu la chombo, kilichobaki tukagawana. Mtoto wa dada amelala juu ya tanga, tope halijamtoka miguuni. Wageni wa kesho wameniandikia tuonane saa nne. Nimewajibu: saa mbili kamili, maji yajaa saa tatu na robo, nikichelewa kuwaona nitafungua kamba niende zangu.