Sasa mimi nimejifunza nini?

“Mwalimu, mtoto anatafuta nyumba filamu nzima, na nyumba yenyewe haipati. Sasa mimi nimejifunza nini?”

Ndivyo alivyoniambia mwalimu mwenzangu wa Hisabati Jumanne wakati wa chai, huku akinirudishia flashi. Hakusema kwa ubaya. Ni yuleyule aliyetubebea vyombo kwa gari lake tulipohama Nkuhungu, na wema ule sijausahau. Walimu wengine wakacheka. Nikasema, “Haya, nitakuletea nyingine,” nikanyanyua kikombe changu nikatoka nje. Tangu hapo swali lile nalijibu kila mahali: kwenye bajaji, jikoni, nikisahihisha madaftari. Mahari ya ndugu yangu Elia imepokelewa Kondoa, mitihani ya nusu muhula imeanza, Baba Neema ameshaanza kazi Mtumba, na mimi bado nimo kwenye chai ya Jumanne.

Filamu yenyewe ni Nyumba ya Rafiki Iko Wapi? ya Mwirani Abbas Kiarostami, ya mwaka 1987. Nimeipata kwa kijana wetu wa laibrari ya muvi, ambaye siku hizi akikuta filamu isiyo na bunduki wala kung fu ananitunzia.

Mtoto anaitwa Ahmad, anakaa kijiji cha Koker. Mwenzake wa dawati moja amefanya kazi ya nyumbani kwenye karatasi badala ya daftari. Mwalimu anaichana mbele ya darasa zima na kumwonya kwamba akirudia tena atafukuzwa shule. Mchana Ahmad anafungua mkoba, anakuta amebeba na daftari la mwenzake, kwa sababu yanafanana. Mwenzake anakaa Poshteh, kijiji cha ng’ambo ya kilima, na kwao Ahmad hapajui. Anamweleza mama yake, mama anamwambia afanye kazi za shule kwanza. Basi anachomoka, anapanda ile njia inayopindapinda hadi juu penye mti mmoja, anakimbia. Kisa ndicho hicho.

Niliwachagulia walimu filamu hii kwa makusudi. Nani anajua kuliko sisi uzito wa daftari moja kwa mtoto asiye na la pili? Nilidhani ofisi nzima itanyamaza kama nilivyonyamaza mimi.

Jumatano jibu langu lilikuwa kali: kwani kila kitu lazima kiwe somo lenye lengo mahususi? Alhamisi likapoa. Ningemuuliza kwa upole, ulipokuwa ukingoja nyumba ipatikane, uliona ni watu wazima wangapi wameulizwa na mtoto yule, na wangapi wamemsikiliza hadi mwisho? Anauliza, wanamtuma. Anauliza, wanaendelea na mazungumzo yao. Kwa zaidi ya dakika 80 niliogopa kwa ajili ya daftari, mwili mzima, na sijawahi kuogopa hivyo kwenye filamu za watu kupigana risasi. Hilo ndilo nililotaka aliseme yeye, si mimi.

Ijumaa usiku Mama hakupata usingizi, goti linamsumbua. Nikamwekea, nikakaa pembeni yake nikimgeuzia kwa Kiswahili yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini. Mwanzoni aliniuliza tu mbona nyumba zao zinafanana na za kwetu zamani. Tukafika kwa babu yake Ahmad. Babu anamtuma sigara, na sigara anazo mfukoni. Anamwambia mzee mwenzake kwamba anataka tu mtoto ajifunze kutii. Anasimulia kwamba baba yake alikuwa akimpa senti kila wiki na kipigo kila baada ya wiki mbili, na senti mara nyingine alisahau, kipigo hakusahau kamwe. Mama alicheka hadi nikahofia Neema ataamka. “Babu yako mzaa baba huyo! Huyohuyo!”

Halafu akaja yule mzee aliyekuwa akitengeneza milango ya mbao, anayemsindikiza Ahmad gizani akimwonyesha milango aliyoitengeneza, ambayo watu wanaing’oa waweke ya chuma. Anatembea taratibu mno, na mtoto ana haraka. Sehemu hii mimi hunichosha. Mama akasema, “Anachelewesha makusudi. Hana mtu wa kuongea naye, akifika tu mtoto anaondoka.” Nimeitazama filamu hii mara nyingi na sikuwahi kuliona hilo. Nilimshika mkono, tukaendelea.

Mwisho sitausema, mtautazama wenyewe. Ilipokwisha Mama akauliza kama yule mtoto bado yu hai. Nikamweleza kwamba tetemeko la mwaka 1990 lilipiga sehemu zile, Kiarostami akafunga safari kwenda kuwatafuta watoto wale, na safari hiyo ikazaa filamu nyingine mwaka 1992. “Aliwapata?” Nikamwambia walipona, na kwenye filamu ya 1994 wamo, wamekua. “Mungu mkubwa,” akasema, akaenda kulala.

Mwalimu wa Hisabati nitampelekea Mandabi ya Ousmane Sembène, ya 1968: mzee wa Dakar anatumiwa hundi ya posta na mpwa wake aliyeko Paris, hawezi kuichukua pesa kwa kuwa hana kitambulisho, na kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa. Hiyo ataipenda, maana naye hunung’unika vilevile akiwa foleni. Na ile ya Ahmad nitamwomba aitazame tena siku moja, akiwa na mama yake.

Mama anataka kuondoka Jumatatu. Jirani amepiga simu kutoka Mpwapwa, ndege kweleakwelea wameanza kutua kwenye uwele wa watu wa bondeni, na wetu umeshaanza kukomaa. Kwa goti lile dungu la kulindia ndege hawezi kupanda. Elia anasema ruhusa kazini aliimaliza kwenye mahari. Mimi nina mitihani hadi Ijumaa. Sijui nani ataamia.