Nilivyoacha kutuma linki na ndugu zangu wakaanza kusikiliza podikasti

Karibu mwaka mzima nilikuwa natuma linki za podikasti kwa kila mtu ninayemjua, na kila mtu ananijibu kidole gumba alafu kimya. Nikawa najipa moyo kwamba wanasikiliza ila wamekosa tu muda wa kuniambia wameonaje, mpaka siku moja nikamuuliza dada yangu, haya, ile ya Vita vya Kwanza vya Dunia umefika wapi? Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia, we mdogo wangu, nilifungua nikaona masaa matatu na zaidi, nikaweka simu chini nikaendelea na maisha yangu.

Iliniuma kidogo lakini ujinga ulikuwa wangu. Nilikuwa nimempa Hardcore History ya Dan Carlin, ule mfululizo wake unaoitwa Blueprint for Armageddon, una sehemu 6 na ukizijumlisha zote zinapita masaa 20, na huyu ni mtu ambaye hajawahi kusikiliza podikasti hata moja maishani, ana mtoto mdogo, muda wake wa kupumua ni ule mtoto akilala. Yani ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea kwa kumsukumia bahari kuu.

Nikakaa nikajiuliza, hivi mi mwenyewe nilinasaje? Maana na mimi nilikuwa nasema podikasti ni redio tu watu wameibadilisha jina. Kilichoniingiza ni Serial, ile ya Sarah Koenig iliyoanza Oktoba 2014, na sikuianza kwa sababu ni maarufu, niliianza kwa sababu nilikuwa na rundo la nguo za kupiga pasi na nyimbo zangu zote nilishazichoka. Nikabonyeza tu. Episodi ya kwanza inaanza na swali la kijinga kabisa ukilisikia, anakuuliza kama unaweza kukumbuka ulikuwa wapi siku fulani ya kawaida wiki 6 zilizopita, saa baada ya saa, na anawauliza vijana hivyohivyo na hakuna anayejibu kitu cha kueleweka. Ndo anakuingiza taratibu kwenye kesi ya Adnan Syed, mwanafunzi wa sekondari aliyetiwa hatiani mwaka 2000 kwa kumuua Hae Min Lee huko Baltimore Januari 1999, na kesi nzima anaibana kwenye dakika 21 baada ya shule kutoka. Dakika 21! Nguo ziliisha, nikawa natafuta shuka za kupiga pasi.

Utamu wake ni kwamba Koenig anachunguza huku anakusimulia, wiki hii anaamini jamaa kaonewa, wiki ijayo anakuta kitu kinamrudisha nyuma, na hafichi, anakwambia kabisa hapa nimechanganyikiwa. Episodi 12. Ila nikimpa mtu siku hizi namwambia mambo mawili kabla hajaanza. La kwanza, yule binti ni mtu wa kweli aliyekufa na ana familia, mi mwenyewe kuna sehemu nilijistukia nafurahia kama tamthilia na sikujipenda. La pili, usiishie episodi ya 12 ukadhani umemaliza, maana hukumu ilifutwa 2022, ikarudishwa 2023, alafu 2025 jaji akapunguza kifungo kikawa ule muda ambao Adnan alikuwa ameshautumikia, hatia ikabaki palepale. Ukisikiliza bila kujua hayo utaenda kubishana na watu kwa habari za zamani.

Sasa nikagundua kumbe sikunasa kwa sababu ya podikasti peke yake, ni ile pasi. Mikono ilikuwa na kazi, macho yana kazi, ila akili imekaa bure inatafuta pa kwenda. Na mi nilikuwa nawatumia watu linki wakiwa wamekaa na simu mkononi, wakati ambao tayari wana video za kuangalia na watu wa kuchati nao, nani atasikiliza sauti tupu?

Nikabadilisha kila kitu. Nikaacha kuuliza watu wanapenda mada gani (hilo swali halina maana, kila mtu anakwambia anapenda historia na biashara), nikaanza kuuliza, we ni wakati gani mikono yako ina kazi ila kichwa kiko huru? Na hiyo kazi inachukua muda gani? Nikishajua, naomba simu, naweka apu mwenyewe, nashusha episodi moja tu kwenye waifai, narudisha simu. Kwa nini kushusha, kwa sababu ile linki ilikuwa inamfungulia ukurasa, ukurasa unamwambia ajisajili, na ukimaliza kujisajili bando nalo linakuangalia vibaya, hapo mtu ameshakata tamaa. Podikasti nyingi zinasafiri kwa kitu kinaitwa RSS, maana yake huhitaji kuwa kwenye mtandao wa nani wala nani, apu yoyote ya podikasti inaivuta yenyewe ikitoka mpya, ukiiambia ishushe ikiwa kwenye waifai basi asubuhi unaikuta inakusubiri. Nilikuwa natumia hii kitu miaka na sikuwahi kumwelezea mtu.

Dada ndo alikuwa wa kwanza. Akasema mikono yake ina kazi akimsukuma mtoto kwenye kigari jioni ili alale, kama nusu saa hivi. Nikamwekea 99% Invisible ya Roman Mars. Hii ilianza 2010 kama kipande kifupi cha redio huko San Francisco, inahusu vitu vilivyobuniwa na watu ambavyo tunapita juu yake kila siku hatuvioni, milango, alama, majengo, na episodi zake nyingi hazichoshi urefu. Nikamchagulia ile inayoitwa Curb Cuts, inahusu vile vimteremko vya ukingoni mwa njia ya miguu, pale njia inaposhuka kukutana na barabara. Inamsimulia Ed Roberts, jamaa aliyepooza kwa polio, akalazimisha kukubaliwa chuo kikuu cha Berkeley mwaka 1962, na yeye na wenzake wakapigania vitu kama hivyo ili watu wa viti vya magurudumu waweze kutembea mjini wenyewe.

Kesho yake akanipigia simu badala ya kutuma kidole gumba. Anasema, sasa nimeelewa kwa nini pale njia panda kigari kinashuka vizuri na pale kwingine nakibeba kama gunia, na kumbe watu walipigana! Mi kimoyomoyo nikasema, tumempata. Wiki ile akasikiliza zingine 4 bila mimi kumgusa.

Rafiki yangu mmoja ndo alikuwa mbishi haswa, yeye hoja yake ni kwamba kitu kisicho na picha hakiwezi kufundisha sayansi. Huyo nikamwekea Radiolab, episodi ya 2012 inaitwa Colors, inahusu rangi, yani nilimchagulia makusudi kitu ambacho ukifikiria hakiwezekani kwa sauti. Jad Abumrad na Robert Krulwich walichofanya, walichukua kwaya. Wanakueleza kwamba jicho letu lina aina 3 za vipokezi vya rangi, mbwa anazo 2, alafu kwaya inaimba upinde wa mvua jinsi kila mnyama anavyouona, mbwa sauti chache, mtu zinaongezeka, kipepeo zinaongezeka tena, mpaka wanafika kwa kiumbe wa baharini anayefanana na kamba wale wa kuliwa, anaitwa mantis shrimp, ana aina 16 za vipokezi na kati yake 12 ni za rangi, na hapo kwaya nzima inafunguka mpaka nywele zinakusimama. Rafiki yangu alikuwa anaosha gari. Anasema alisimama na kitambaa mkononi maji yanamwagika.

Baadaye nikamwambia na upande wa pili, kwamba mwaka 2014 watafiti waliwajaribu hao viumbe na wakakuta kutofautisha rangi zinazokaribiana ni wabovu kuliko sisi, pamoja na vipokezi vyote hivyo. Akanuna, anasema nimemharibia. Lakini mi naona hiyo ndo raha yake, unasikia kitu kizuri alafu unaenda kukitafuta mwenyewe. Na ombi moja, Radiolab usiiongeze spidi, kuna watu wanasikiliza kila kitu mara mbili ya kasi kama wanakimbizwa, ile imetengenezwa kama muziki ukiikimbiza umekula maganda ukatupa ndizi.

Kupunguza spidi ni jambo lingine, hilo ruksa. Binamu yangu alikuwa anaona aibu kusema kwamba kiingereza cha hao watu kinamkimbia, akawa anajifanya hapendi tu. Nikamwonyesha unaweza kuweka 0.8 na hakuna atakayejua, na kwamba 99% Invisible na podikasti nyingine inaitwa This American Life wanaweka maandishi ya vipindi kwenye tovuti zao, ukipotea unasoma. Akaanza kwa kusoma na kusikiliza kwa pamoja. Sasa hivi maandishi hayagusi.

Huyohuyo binamu ndo aliniambia orodha yako yote ni ya huko mbali tu, sauti za kwetu ziko wapi, na alikuwa na haki. Nikamwelekeza Legally Clueless ya Adelle Onyango wa Kenya, ambaye alikuwa mtangazaji wa redio kabla. Ndani yake kuna sehemu inaitwa 100 African Stories, watu wanasimulia maisha yao wenyewe kwa sauti zao, kazi, kupoteza wazazi, kuanza upya. Haijapambwa kama Radiolab na haihitaji, mtu anaongea kama anaongea na wewe usiku simu iko sikioni. Hiyo mi nasikiliza nikiwa natembea peke yangu, watu wakiwepo siiwezi maana kuna siku ilinikuta nafuta machozi barabarani.

Mpwa wangu anayetengeneza biti kwenye kompyuta hakunisumbua, nilimpa Song Exploder ya Hrishikesh Hirway nikaondoka. Ipo toka 2014, mwanamuziki anauvunja wimbo wake kipande kwa kipande, unasikia ngoma peke yake, sauti peke yake, ile rekodi ya kwanza mbovu ya kwenye simu, na Hirway maswali yake anayakata kabisa unabaki na msanii tu, mwisho wimbo unapigwa mzima. Ukishasikia vipande, ule wimbo mzima unakuwa kitu kingine. Fupi pia. Basi.

Ila inayokaa kwenye simu yangu miaka yote ni In Our Time ya BBC Radio 4. Ilianza 1998, Melvyn Bragg akaiongoza mpaka 2025, zaidi ya episodi 1,000. Hakuna muziki wala mbwembwe, wanaletwa wasomi watatu waliobobea kwenye jambo moja, na jambo lenyewe linaweza kuwa chochote, wiki hii usanisinuru, wiki nyingine dola ya Mali na Mansa Musa. Bragg alikuwa akiona msomi anazunguka anamkata, turudi kwenye swali, na wale maprofesa walikuwa wanatii kama watoto wa darasa la pili. Na kwenye podikasti wanaongeza dakika chache ambazo redioni hazipo, wasomi wanaulizwa tumesahau nini, wanalegea, wanabishana kirafiki, alafu prodyuza anaingia kuwauliza nani chai nani kahawa. Hapo pa chai na kahawa mi napapenda kupita maelezo, sijui nikuambieje. Ukitaka kuanza chagua mada unayodhani unaijua tayari, ndo utaona inavyokuumbua.

Nisidanganye kwamba wote walinasa. Kuna mfanyakazi mwenzangu nimempa nne tofauti zote kazikataa, anapenda ukimya akiwa anafanya kazi zake, na nimemwacha kwa amani.

Na baba. Baba sikumpangia kitu. Kastaafu, siku nzima anafungua redio mbovu za watu na kuzifunga, na nilimsahau kwa sababu kichwani mwangu mzee na podikasti haviendani. Siku moja akaazima simu ya dada apige mahali, akakuta ile sehemu ya kwanza ya Dan Carlin bado imo, niliyomshushia nikidhani labda siku moja ataipitia. Akaiweka mezani, ikaanza kuongea kuhusu Gavrilo Princip, yule kijana aliyemuua mrithi wa ufalme wa Austria, na lile gari lililokosea kona Sarajevo Juni 1914, yeye na bisibisi yake. Carlin mwenyewe kila mara anasema yeye sio mwanahistoria, ni mtu anayependa historia tu, anasimulia kwa sauti kama anayekushika bega, na baba mtu kama huyo anamweza, alifundisha darasani miaka 30 anajua msimuliaji akimsikia. Kazi ya masaa matatu, podikasti ya masaa matatu.

Dada akaja kunilalamikia kwamba simu yake haimkai mkononi tena. Juzi saa nne usiku naona baba ananipigia, nikashtuka, nikapokea haraka nikamwamkia, nikauliza kuna nini. Akaniambia, hakuna kitu mwanangu, mi nilitaka kujua tu, ya tano inashushwaje?