Siku moja maishani mwangu: dada wa mitandao katika ofisi ya mawakili

Ukimwambia mtu wa Kimara kwamba unafanya kazi ofisi ya mawakili, papo hapo anakutolea kesi ya kiwanja cha marehemu babu yake. Ukimfafanulia kwamba wewe si wakili, ni mtu wa mitandao wa hiyo ofisi, anakutazama kwa huruma: "Yaani unalipwa kushinda Instagram?" Mama yangu mzazi huwaambia majirani kuwa mimi ni sekretari, maana hiyo ni kazi inayoeleweka. Basi hii hapa Jumanne moja, mjihukumie wenyewe.

Saa 12:00 asubuhi

Niko kwenye mwendokasi kwenda Kivukoni, nimesimama, mkono mmoja juu, mwingine una simu. Kazi yangu inaanzia hapa, kwa sababu watu huuliza sheria usiku. Mchana wana aibu, au bosi yuko karibu. Ikifika saa sita usiku mwenzake amelala, ndipo mtu anaandika: "Dada admin, samahani, nauliza kwa niaba ya rafiki yangu." Huyo rafiki ana matatizo mengi sana mjini hapa.

Leo limerudi lile swali lisilokufa: nimeishi na mwanaume miezi sita, je, nimeshakuwa mke? Mtaani wameshaafikiana kwamba ni miezi sita. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema miaka miwili au zaidi, na hata hiyo miwili inaleta dhana tu ya ndoa, ambayo upande wa pili unaweza kuipinga mahakamani, tena lazima jamii iwe inawatambua kama mume na mke. Tumeshaliandikia makala, tumelifanyia video, tumeliweka kwenye picha yenye maandishi makubwa. Bado linakuja. Zamani lilinikera. Sasa likija naliweka kwenye orodha ya mada, maana swali linalorudi ndilo watu wanalolitafuta Google.

Saa 2:00

Ofisi, chai, chapati. Kabla mawakili hawajaondoka kwenda Mahakama ya Kisutu, nina dakika kumi nao, na sharti nizitumie vizuri. Ninakuja na daftari la mapokezi. Dada wa mapokezi huandika humo kila kilichoulizwa na aliyepiga simu au aliyeingia mlangoni, bila kutaja jina la mtu. Ofisi nyingi zinahangaika kutafuta cha kuposti, zinaishia kuweka salamu za sikukuu na picha ya wakili amekunja mikono mbele ya rafu ya vitabu. Mada zote ziko mapokezi. Wiki hii watu watatu wameuliza kama msimamizi wa mirathi anaweza kuuza nyumba peke yake akatia hela mfukoni. (Kutia mfukoni hawezi. Usimamizi haumpi umiliki. Anakusanya mali, analipa madeni, anagawia warithi.) Kuna walioachishwa kazi, kuna mwenye mkataba wa pango ulioandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule.

Mzee, ndiye mwenye ofisi na sote tunamwita hivyo, akakubali mada ya kuachishwa kazi. Akasoma maneno niliyoandaa, akafuta sentensi moja: "Njoo kwetu upate haki yako." Akaniuliza, "Mwanangu, haki yake unayo wewe?"

Hapa ndipo watu wasipoielewa kazi hii. Wa duka la nguo anaweza kuandika "bei poa, wahi kabla hazijaisha." Wakili hawezi. Kanuni za maadili za mawakili, zile za mwaka 2018, zinambana asiwinde wateja wala kujinadi kama mpiga debe wa stendi. Siandiki "wakili namba moja Dar", siandiki "hatujawahi kushindwa", sipigi picha na mteja aliyeshinda kesi huku tumeshika hukumu, hata mteja mwenyewe akiomba. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo hata foleni ya mapokezi siipigi picha. Kinachobaki ni kueleza sheria mpaka ieleweke, halafu kunyamaza. Anayetaka wakili atauliza mwenyewe namba ya simu.

Saa 4:00

Nilikuwa napitia makala za zamani kwenye tovuti yetu. Tangu Julai 2025, lilipoanza kutumika Toleo la Urekebu la mwaka 2023 la sheria zetu, yaani sheria zilizopangwa na kuchapishwa upya, vifungu vya baadhi ya sheria vimehama namba. Makala iliyokuwa sahihi jana leo inamtuma mtu kwenye kifungu kisichohusika. Kwa hiyo nafungua moja baada ya nyingine, nalinganisha, nampelekea Wakili Dada, mdogo kwa umri pale ofisini, anahakiki, naweka tarehe ya marekebisho juu. Hakuna anayekupigia makofi kwa kazi hii. Lakini video ya TikTok ikipata bahati inaishi siku mbili, na makala ya mirathi kwa Kiswahili chepesi, hatua kwa hatua kuanzia kikao cha ukoo, inaendelea kuleta simu mwaka mzima. Kuna mama aliwahi kuja ameichapisha stesheneri kwao Gongo la Mboto, kaipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Alikuwa ameielewa kuliko baadhi ya watoto wa marehemu waliokuja na suti.

LinkedIn simwandikii mtu. Huko wako makampuni, mambo yanakwenda kwa Kiingereza, na Wakili Dada anaandika mwenyewe kuhusu kodi na mikataba. X, iliyokuwa Twitter, tuliiweka pembeni tangu ilipozuiwa nchini Mei 2025. Ila ukiniuliza mteja wa kulipa anatoka wapi hasa, nitakwambia status ya WhatsApp. Watu waliokwisha kuwa na namba yetu wanaiona, wanamtumia shemeji, shemeji anapiga.

Saa 5 na kidogo

Video. Mzee amerudi mapema, kesi imeahirishwa. Nilimkalisha mbali na dirisha kwa sababu ya honi za barabarani. Akaanza: "Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366..." Nikasimamisha. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo tena. Jifanye unamweleza dada yako yuko Handeni, kafukuzwa kazi hotelini." Akacheka, akavua miwani, na hapo ikatoka video ya sekunde arobaini bila kurudia: kama unaona umeachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, zikipita, itabidi kwanza uombe kuongezewa muda na utoe sababu za maana. Basi. Mzee huyu amesimama mbele ya majaji tangu sijazaliwa, na simu yangu inamtoa jasho.

Niliikata, nikaweka maandishi chini kwa wanaotazama bila sauti kwenye daladala, ikapanda saa saba kasoro. Chakula cha mchana: wali maharage, mama ntilie wa chini, nimeshasahau ladha.

Saa 8 mchana, na kuendelea

Komenti ya kwanza: "Mimi wamenifukuza, nina haki?"

Nikamjibu kama tunavyojibu wote: pole kaka, hapa tunaeleza sheria kwa ujumla, tuandikie inboksi tarehe uliyoachishwa na kama ulipewa barua. Akajibu, "Jibu hapa hapa na wengine wajifunze." Nikamwomba tena kwa upole. Akaniita mbaguzi.

Halafu akaweka picha ya barua yenyewe. Yote. Jina lake kamili, namba ya mfanyakazi, mshahara, jina na saini ya meneja, na chini yake sentensi mbili kuhusu huyo meneja ambazo zingeweza kumfungulia kaka yule kesi ya pili kabla hajaanza ya kwanza. Nikaificha komenti ndani ya dakika moja, nikamwandikia inboksi kwa nini: taarifa zako ziko hadharani, na ulichoandika kuhusu mtu kinaweza kukugeukia.

Hakusoma inboksi. Aliona tu kwamba barua haipo. "MMEFUTA! Mmeshahongwa na kampuni!" Akaandika hivyo chini ya video, akaandika chini ya picha ya wiki iliyopita, akaandika chini ya salamu zetu za Eid. Wengine wakadandia. Mmoja akasema mawakili wote ni wale wale. Mwingine akauliza kama tunauza viwanja Kigamboni.

Matusi kwa ofisi sikuyagusa. Nina msimamo katika hilo, na Mzee ananiunga mkono: naficha kinachomuumiza mtu, si kinachotuchafua sisi. Ukianza kufuta kila anayelalamika, unathibitisha alichosema. Nikaandika jibu moja tu, la adabu, kwamba tumeficha barua kwa ajili ya usalama wake na kwamba tunamsubiri inboksi. Likapata laiki chache. Tusi lake likapata nyingi.

Akaja WhatsApp. Sauti ya kwanza dakika nane. Nikaivumilia yote nikiwa na kalamu: ugomvi na msimamizi wake ulioanzia kwenye sehemu ya kuegesha pikipiki, mke wa msimamizi ametajwa, zamu za usiku, mchango wa msiba ambao yeye alitoa na wenzake hawakutoa. Tarehe hakuna. Nikauliza tarehe. Sauti ya pili, dakika tano, msiba ule ule. Nikaandika kwa herufi kubwa: KAKA, TAREHE. Akapiga simu. Nikapokea, maana kuna wakati kuandika hakusaidii.

"Dada, tarehe ipi sasa? Iliyo kwenye barua au siku waliyonipa?"

Hapo nikanyooka kwenye kiti. Barua iliandikwa mapema, akakabidhiwa kama wiki mbili baadaye. Ukihesabu kutoka tarehe ya juu, siku zilikuwa zinakaribia kwisha. Ukihesabu kutoka siku aliyoipokea, ana nafasi. Na mimi hilo siruhusiwi kumjibu. Nina diploma ya uandishi wa habari; nimekaa na mawakili muda wa kutosha kujua swali lipi ni la hatari, na kulijibu si kazi yangu. Nikamwambia asubiri, akasema amejua tu kwamba nitamzungusha.

Mzee alikuwa na mteja ndani. Wakili Dada alikuwa njiani kutoka Temeke, kwenye kituo cha kesi za familia, simu haipatikani. Nikakaa na yule kaka hewani, nikimsikiliza tena habari za pikipiki, huku nikijibu ukurasa feki uliotumia picha ya Mzee kuomba watu "ada ya kufungua faili" kwa mitandao ya simu. (Huwa tunawaelekeza watu kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, wakamtafute wakili kwa jina kabla ya kutoa hata shilingi. Vishoka wanaujua mtandao kuliko ofisi nyingi za sheria, huo ndio ukweli.) Umeme ukakatika, ukarudi. Kichwa kikaanza kugonga. Saa sikuiangalia tena.

Mzee alipotoka nikamweleza kwa sentensi tatu. Hakufikiri sana. "Mwambie ahesabu kutoka tarehe inayombana, asibishane na kalenda. Kesho asubuhi aende CMA na barua yake, ajaze fomu namba moja. Hailipiwi. Hayo ya barua ilichelewa atayasema huko huko."

Nikamuuliza, "Na sisi?"

"Sisi tumefanya nini cha kulipwa?"

Mchana wangu wote, nilitaka kusema. Lakini nimeshaona mzunguko huu. Anayeambiwa ukweli kwamba jambo fulani halihitaji wakili, ndiye anayemleta kaka yake mwenye jambo linalohitaji. Si kila mara, na hakuna mahali pa kuliandika hilo kwenye ripoti ya mwisho wa mwezi, ambayo inadai wafuasi na laiki.

Nikampigia. Nikamsomea nilichoandika, pole pole. Kimya kidogo, halafu: "Bure? Kwa hiyo nyie mnakula wapi?"

Nilirudi Kimara giza limeingia, foleni ya kituoni imepinda mpaka barabarani. Video ilikuwa imetazamwa wastani tu. Komenti nyingi zilikuwa za yule yule. Dada wa mapokezi alinitumia picha ya ukurasa wa daftari: simu mbili zimekuja jioni kuuliza kuhusu siku 30, mmoja ni mwajiri, anataka kujua utaratibu sahihi wa kumwachisha mtu kazi ili asije akashtakiwa. Huyo amepangiwa Alhamisi, na atalipa.

Nimevua viatu, WhatsApp ikalia.

"Dada admin, CMA wanafungua saa ngapi?"

"Ofisi za serikali ni saa moja na nusu, kaka. Wahi. Na usisahau kitambulisho."

"Sawa. Ila ile barua yangu mliyoificha mnirudishie pale, watu waione."

Nikamjibu hapana, kaka.