Mlio wa foili

Nilikuwa na miezi 11 bila unga, yaani heroini, siku dada yangu alipochana karatasi ya foili jikoni ili afunike sufuria. Mimi nilikuwa sebuleni nimempa mgongo, nakunja nguo. Nikasikia ule mlio wake mkavu, na kabla sijatambua ni nini, mate yakanijaa mdomoni, tumbo likajikunja, viganja vikalowa jasho. Sikuwa nimewaza unga tangu asubuhi. Nilikuwa na furaha kabisa siku ile, ingawa watu hawaniamini nikiwaambia. Mwili ulishafika kule tulikokuwa tunavutia unga juu ya foili, akili ikiwa bado inakunja nguo.

Nilimwambia dada. Akanyamaza, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo bado unautaka?" Nilishindwa kumjibu. Nimekaa na swali lake muda mrefu, na jibu langu ndilo hili.

Ndiyo dada, kuna kitu ndani yangu bado kinautaka. Lakini kutaka si kupenda, na hayo si maneno ya mteja, yaani mtumiaji wa unga, anayejitetea. Ubongo wenyewe unavitenganisha.

Dopamini tumezoea kuiita kemikali ya raha, na hapo ndipo wengi tunapotea njia. Katika utafiti ambao matokeo yake yalijulikana sana miaka ya 1990, mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alipima seli za dopamini kwenye ubongo wa tumbili waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Mwanzoni seli zilichangamka juisi ilipofika mdomoni. Tumbili walipozoea kwamba ishara fulani ikitokea juisi inafuata, seli zikawa zinachangamka kwa ishara. Juisi yenyewe ikija, kimya. Na ishara ikitokea juisi isije, zilishuka chini ya kawaida yake. Niliposoma hapo niliweka simu chini nikatoka nje kutembea. Kwangu ishara ni foili. Na ule unyonge ulionikalia jioni nzima baada ya dada kufunika sufuria yake ni juisi isiyokuja.

Unga una hila moja zaidi. Kitu cha kawaida kikizoeleka, dopamini inatulia kwa sababu hakuna jipya la kujifunza. Heroini haisubiri mazoea. Inazikandamiza zile seli ambazo kazi yake ni kuzuia seli za dopamini, yaani inalegeza breki, na dopamini inamwagika kila unapovuta. Ubongo unafundishwa somo lilelile mara elfu, na kila mara kama ndiyo mara ya kwanza.

Mtafiti mwingine, Kent Berridge, aliona jambo ambalo kwangu lilikuwa kama mtu ameniona. Panya walioondolewa karibu dopamini yote hawakujisumbua kutafuta chakula, hata kama wangekufa njaa. Lakini wakitiliwa sukari mdomoni walilamba midomo sawa na panya wengine. Utamu walikuwa nao, hamu ya kuufuata ndiyo iliyokufa. Mimi nilikuwa kinyume chao. Mwaka wangu wa mwisho sikuwa napata stimu yoyote. Nilivuta ili niweze kusimama, nioge, niongee na mama bila kutetemeka. Hamu ilikuwa kubwa kuliko nyumba na raha haikuwepo hata chembe. Mama alidhani nimechagua raha kuliko yeye, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Arosto, yale mateso ya mwili unga ukikatika, sitaieleza sana, aliyeipitia anaijua. Ila kujua sababu yake kulinisaidia. Opioidi, kundi la dawa ambalo heroini imo, hutuliza sehemu ya ubongo inayotoa noradrenalini, ile kemikali ya kushtuka na kuwa macho. Ubongo nao hujibu kwa kuisukuma zaidi sehemu hiyo ili mambo yawe sawa. Unga ukikatika, msukumo unabaki peke yake: jasho, kuharisha, malaika kusimama, usiku kucha bila lepe la usingizi. Kumbe mwili haukuwa unanilaani. Ulikuwa unavuta kamba ambayo upande wa pili imeachiwa ghafla.

Baada ya arosto kuna kipindi ambacho hakisemwi vya kutosha, miezi ambayo kila kitu kina rangi ya majivu. Muziki ni kelele, watoto wa dada wanacheka na wewe huoni cha kucheka. Wenzangu wengi huurudia unga hapo, wakiamini ndivyo maisha yatakavyokuwa milele. Mwaka 2001 Nora Volkow na wenzake walichapisha picha za ubongo za watu 5 waliokuwa wakitumia methamfetamini, dawa nyingine ya kulevya. Baada ya kukaa mbali nayo kwa miezi 12 hadi 17, visafirisha dopamini, yaani protini zinazoirudisha dopamini ndani ya seli, vilikuwa vimeongezeka tena, ingawa vipimo vya kumbukumbu na wepesi wa mwili havikurudi vyote. Ni watu 5 tu, na dawa yao si yangu. Hata hivyo nilizishikilia zile namba za miezi kama fimbo ya kutembelea.

Natumia methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, na nimechoka kuambiwa nimebadilisha unga kwa unga. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walichapisha matokeo yao ya kwanza New York mwaka 1965, na tangu hapo kazi yake inajulikana: inakaa kwenye vipokezi vilevile, yaani sehemu za seli ambazo heroini hushikilia, lakini inapanda polepole na inadumu zaidi ya siku nzima. Hakuna kupaa wala kuporomoka. Nakunywa dirishani mbele ya muuguzi, naenda kazini. Nani aliwahi kufanya hivyo na heroini?

Na hili naomba mlisome polepole. Rafiki yangu alikaa safi miezi miwili, akateleza siku moja tu. Alitumia kipimo chake cha zamani. Hamu yake ilikuwa ileile, lakini ustahimilivu wa mwili ulishaondoka, na kituo cha pumzi kwenye shina la ubongo kikalemewa. Hakuwa peke yake chumbani, ila hakuna aliyekuwa na naloksoni, dawa inayoisukuma opioidi itoke kwenye vipokezi na kumrudishia mtu pumzi ndani ya dakika chache. Mwenye ndugu anayetoka gerezani au nyumba ya kupata nafuu, itafuteni naloksoni kabla hajafika nyumbani.

Dada aliniuliza kama aifiche foili. Nilimwambia aiache kabatini. Somo la zamani halifutiki, ubongo huandika jipya juu yake, na hauwezi kuliandika kama sisikii ule mlio.

Jumapili iliyopita niliichana mwenyewe. Moyo ulienda mbio. Dada alisimama karibu yangu, hakusema kitu, akanishikia sufuria mpaka nikamaliza kukunja pembe zote nne.