Nilivyoinasa HXeCl ndani ya barafu ya zenoni

Ushauri ulionipotezea wiki tatu ni huu: "Usipoiona, ongeza saa za leza." Usiufuate.

Nilikuwa nasaka HXeCl, molekuli ya hidrojeni, zenoni na klorini. Shuleni tulikaririshwa kwamba gesi bwete, zenoni ikiwamo, haziungani na kitu, wakati mkemia Neil Bartlett alishaipangua hoja hiyo kule Vancouver mwaka 1962. Hii yangu lakini huwezi kuiweka kwenye chupa. Inaishi kwenye baridi kali tu, na waliotutangulia ni watafiti wa Helsinki, walioitangaza mwaka 1995.

Unachanganya HCl (hidrojeni na klorini) kidogo na zenoni nyingi, kama moja kwa elfu, unaugandisha mchanganyiko kwenye kioo cha sesiamu ayodaidi ndani ya utupu, kisha leza ya nanomita 193 inaipasua HCl. Zenoni ni ghali kwelikweli, kwa hiyo kila jaribio likiharibika roho inauma.

Na yaliharibika. Nilipiga leza kwa saa mbili, nne, hadi usiku kucha, kisha nikapima kwa mwanga wa infraredi, ambao kila molekuli huufyonza mahali pake na kuchora mstari. Mstari wa HCl ukafifia, ila kwenye namba 1648 (kwa kipimo cha mawimbi kwa sentimita), mahali pa HXeCl, palikuwa patupu. Siku moja kilima kikachomoza jirani ya 1600, moyo ukanienda mbio. Yalikuwa maji! Mpira wa kuziba kiungo cha bomba ulikuwa umechakaa, unavuta hewa.

Nilipotulia ndipo nikaelewa. Mwanga unapasua tu, na mwanga uleule unaivunja hata HXeCl yenyewe. Kinachoiunda ni joto kidogo: atomu za hidrojeni zimekwama ndani ya barafu, na ukifika kama kelvini 40 (nyuzi 233 hivi chini ya sifuri) zinaanza kutembea, mpaka zikutane na klorini iliyo ubavuni mwa zenoni. Basi nikazima leza mapema, nikapandisha joto polepole hadi 45, nikasubiri dakika chache, nikashusha tena hadi 9 na kupima. Mstari wa 1648 ulisimama wima kama mnazi! Pembeni, kwenye 1166 na 1181, ikajitokeza na HXeH, yaani zenoni iliyobanwa na hidrojeni mbili, ambayo sikuwa hata nimeiwinda.

Bado nilitaka ushahidi usiopingika, nikarudia kwa DCl, yaani HCl yenye hidrojeni nzito: hidrojeni ikiwa nzito, mstari wake unapaswa kushuka. Hapa kuna jambo ambalo sikuambiwa na mtu: kuta za mabomba zina unyevu, na unyevu huo unainyang'anya DCl hidrojeni yake nzito na kuipa ya kawaida. Mara ya kwanza nilipata HCl tupu. Dawa yake nikaigundua mwenyewe: jaza DCl kwenye mabomba, iache ikae, ivute nje, na urudie mara tatu au nne kabla ya kuchanganya na zenoni. Kuta zikishashiba, hazinyang'anyi tena. Safari hii mstari wa 1648 ulififia kabisa, na mwingine ukaibuka karibu na 1200, palepale hesabu iliposema utakuwa.