Marisa Monte na wazee wa Portela

Kwenye albamu ya mwaka 1994 ya Marisa Monte, mwimbaji wa Brazil, Verde, Anil, Amarelo, Cor-de-Rosa e Carvão, usiondoke kabla ya wimbo wa mwisho. Najua jina ni refu. Ni rangi tupu zimepangwa, kijani, nili, njano, waridi, halafu mwisho kabisa mkaa.

Mimi ni fundi cherehani, nasikiliza muziki huku mguu uko kwenye pedeli, kwa hiyo mwimbaji anayepiga makelele ananichosha haraka. Marisa hajawahi kunichosha. Amezaliwa Rio de Janeiro mwaka 1967, na usichana wake alikwenda Italia kusomea uimbaji wa opera, kisha akaachana nao akarudi kwenye muziki wa kwao. Mafunzo yale nayasikia kwenye pumzi tu. Neno analivuta, unasema sasa litakatika, na halikatiki. Angetaka kuwafunika wenzake wote angeweza. Hataki, na hapo ndipo aliponishika.

Sikiliza "Segue o Seco", wimbo uliotungwa na Carlinhos Brown wa Bahia. Ni habari ya ukame wa kule kaskazini-mashariki mwa Brazil, watu wanaingoja mvua. Mwingine angeulilia wee mpaka basi. Yeye anauimba kwa upole, ngoma zinatangulia, sauti inafuata, na wewe unabaki na kiu. Mteja aliyekuja kupimwa gauni la kichenpati aliniuliza hiyo ni taarabu ya wapi. Nikamwambia tulia kwanza, nyoosha mkono.

Halafu kuna "Dança da Solidão" ya mtunzi wa samba Paulinho da Viola, samba ya upweke, na humo Marisa yuko na Gilberto Gil, mwanamuziki mkongwe wa Brazil. Wakubwa wawili hao, lakini hakuna anayemsukuma mwenzake. Prodyuza wao, Arto Lindsay, ni mtu wa New York aliyekulia Brazil, na nadhani ndiyo sababu mambo ya kisasa humu hayajabandikwa juu ya samba kama kiraka. Kuna wimbo mmoja tu wa Kiingereza, wa Velvet Underground, bendi ya rock ya New York. Ameuimba vizuri, sina ugomvi, ila mimi huwa naurusha.

Sasa huo wa mwisho, "Esta Melodia". Anaingia na Velha Guarda, wazee wa Portela, moja ya zile klabu za kanivali ya Rio zinazoitwa shule za samba, ambako baba yake Marisa aliwahi kuwa kiongozi. Kwa hiyo hakuwaokota barabarani kupamba albamu, hao ni watu wa nyumbani. Sauti zao zina mikwaruzo ya umri na hakuna aliyejaribu kuipiga pasi. Wakiitikia, binti wa opera anajishusha, anakuwa mmoja wao kwenye kiitikio. Wasanii wetu wengi wakimwalika mkongwe wa taarabu humpa mistari miwili, kisha wanamzima kwa kinanda. Nasema kweli, tusinuniane.

Ukiumaliza huo, tafuta Tudo Azul ya mwaka 1999. Ni albamu ya wazee wenyewe, Marisa ndiye prodyuza. Humo kipaza sauti ni chao.