Acha Taa, Soma Uzito: Namna ya Kulihukumu Gari la Michezo Siku Linapozinduliwa

Gari jipya la michezo likivuliwa kitambaa jukwaani, ubishi wa saa ya kwanza huwa wa macho tu: taa zimekaaje, pua imepanuka mno, eksozi ina midomo mingapi. Porsche ilipoonyesha 911 ya kizazi cha 996 mjini Frankfurt mwaka 1997, wapenzi wa magari walililia mambo mawili: taa za mbele zilizofanana na za Boxster, Porsche ya bei nafuu zaidi, na injini kupozwa kwa maji baada ya miongo ya kupozwa kwa hewa. Kilichokuja kuwauma wanunuzi hakikuwamo katika hayo. Kilikuwa beringi ya shafti ya kati ndani ya injini ya M96, beringi iliyozibwa ikiwa na grisi yake humo humo. Oili ya injini ikishapenya sili, grisi huoshwa, beringi hufa, taimingi (mpangilio wa valvu na pistoni kupishana) huruka, na valvu hukutana na pistoni.

Haki isemwe, beringi hiyo hakuna ambaye angeiona siku ya uzinduzi. Lakini yako mengi yanayoonekana siku hiyo hiyo, yameandikwa wazi kwenye karatasi ya takwimu, na watu huyaruka wakikimbilia nguvu za farasi.

Anza na uzito, kisha uliza umepimwaje. Uzito mkavu ni gari bila mafuta, bila oili, bila maji ya rejeta. Uzito wa DIN, kipimo cha Kijerumani, unajumlisha majimaji yote na tangi lililojaa asilimia 90, bila dereva. Uzito wa kanuni za Ulaya unaongeza juu yake kilo 75 za dereva na mzigo mdogo. Kwa hiyo gari la kilo 1,450 kwa DIN ni lile lile la kilo 1,525 kwa hesabu ya Ulaya, wala hakuna aliyedanganya. Udanganyifu huanza pale namba za aina mbili zinapowekwa kwenye jedwali moja. Chevrolet Corvette C8 ilizinduliwa Julai 2019 na uzito mkavu wa pauni 3,366, yaani kilo 1,527 hivi. Ilipopandishwa kwenye mizani ikiwa tayari kwa safari, ilizidi hapo kwa kilo zaidi ya 100. Petroli peke yake, lita 60, ni kama kilo 45. Kampuni ikitaja uzito mkavu tu na kunyamaza, mimi huchukulia kwamba namba nyingine haikuwapendeza.

Nguvu nazo zina vipimo vinavyochanganywa kila siku. Farasi 400 wa kimetriki, wale wanaoandikwa PS, ni kilowati 294. Farasi 400 wa Kimarekani na Kiingereza ni kilowati 298. Badili zote kuwa kilowati ndipo ulinganishe. Jambo lenye faida zaidi ni kutazama nguvu hizo zinapatikana injini ikizunguka mara ngapi. Fomula ni moja: torki (nguvu ya kuzungusha) kwa niutoni mita, mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati. Chukua injini mbili za kilowati 220. Ya kwanza inazifikia kwenye mizunguko 5,200, maana yake hapo ina torki ya 404. Ya pili inazifikia kwenye 7,000, ikiwa na torki ya 300 tu. Msomaji wa haraka ataitangaza ya kwanza kuwa na misuli. Lakini nguvu zikiwa sawa na kasi ya gari ikiwa sawa, magurudumu husukumwa sawa, kwa sababu injini inayozunguka sana inaruhusiwa kuwa na gia fupi zaidi, yaani zinazozidisha torki zaidi. Tofauti iko kwenye tabia. Ya kwanza itakubeba bila kubadili gia ukiwa katikati ya safari, ila kama mstari mwekundu, kikomo cha mizunguko, uko 6,500, zile 1,300 za mwisho ni kelele tu. Ya pili utaitafutia gia kila mara, nayo itakulipa ukiifikisha juu.

Grafu ya torki ikitolewa, itafute shimo. Toyota 86 na Subaru BRZ za mwaka 2012 zilikuwa na torki ya 205, tena juu kabisa, kwenye mizunguko 6,400 na zaidi, na grafu yake ikabonyea kati ya 3,500 na 4,500 hivi, pale pale mtu anapokanyaga ili kulipita gari la mbele. Wapenzi walipiga kelele kwa miaka. Kizazi kilichofuata kilikuja na lita 2.4 badala ya 2.0 na torki ya 250 kwenye mizunguko 3,700. Hiyo ni lawama iliyokuwa na hoja, na ikajibiwa kwa chuma.

Sekunde za kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa zinastahili mashaka zaidi kuliko kitu chochote kwenye karatasi hiyo. Marekani hupima hadi maili 60, ambazo ni kilomita 96.6, si 100. Juu ya hapo, vipimo vingi vya huko huacha futi ya kwanza ya mwendo, sentimita 30, ndipo saa ianze kuhesabu. Futi hiyo humeza sekunde 0.2 hadi 0.3. Jumlisha mambo hayo mawili, na gari la sekunde 3.4 linakuwa la 3 kamili bila kuguswa spana.

Muda wa Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani, una mtego kama huo. Kuna mzunguko wa kilomita 20.6 unaoacha kipande kifupi karibu na jukwaa, na kuna mzunguko kamili wa kilomita 20.832. Mwaka 2021 Porsche 911 GT2 RS yenye vifaa vya kampuni ya Manthey ilipewa muda wa dakika 6 na sekunde 43.300 kwa mzunguko kamili, na 6:38.835 kwa ule mfupi. Gari moja, mbio zile zile, sekunde karibu nne na nusu za tofauti. Mtu akikutupia muda bila kutaja umbali, mwombe umbali kwanza. Kisha muulize matairi. Michelin Pilot Sport Cup 2 na Pirelli Trofeo R zina mifereji michache na mpira laini unaotaka joto ili ushike. Asubuhi ya baridi yenye madimbwi, gari hilo hilo huteleza pale ambapo Pilot Sport 4S, tairi la barabarani la Michelin hao hao, ingepita kimya. Kama muda umewekwa kwa matairi ambayo ni ya kulipia ziada, basi muda huo si wa gari la bei ya kawaida.

Sasa gia, ambako wapenzi huwa na hasira kuliko kote, na mara nyingi wana haki. Porsche 911 GT3 ya mwaka 2013 ilikuja na giaboksi ya klachi mbili tu, inayobadili gia bila pedali ya klachi. Gia za mkono zikarudi kwenye GT3 mwaka 2017. Toyota Supra ilizinduliwa upya Januari 2019 ikiwa otomatiki pekee, na ya mkono ikaongezwa mwaka 2022. Kupiga kelele kunasaidia, ila ukishaipata gia ya mkono usisahau kuuliza urefu wake. Hesabu yenyewe ni ya kalamu na karatasi. Tairi la 255/35 R19 lina mzingo wa mita 2.08 hivi. Tuseme uwiano wa gia ya pili ni 2.00, wa difu (gia ya mwisho inayogawa nguvu kwa magurudumu) ni 3.90, na injini inafika 7,500. Zidisha 2.00 kwa 3.90 upate 7.8, gawanya 7,500 kwa 7.8 upate mizunguko 962 ya gurudumu kwa dakika. Zidisha kwa 2.08 halafu kwa 60, unapata mita karibu 120,000 kwa saa. Gia ya pili inakwenda hadi kilomita 120. Badili difu iwe 4.30 na inaishia 109. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama utaufikia mstari mwekundu barabarani bila kuvunja sheria, au utaishi gia ya pili maisha yako yote. Porsche Cayman GT4 ya mwaka 2015 ilisifiwa karibu kila kitu isipokuwa hili: gia yake ya pili inapita kilomita 130.

Hapo hapo kwenye difu, soma neno kwa neno. Difu yenye kizuizi cha mitambo hupeleka nguvu kwa gurudumu lenye mshiko unapotoka konani. Maelezo yakisema kazi hiyo inafanywa kielektroniki, kuna mambo mawili tofauti sana: ama kuna klachi ndani ya difu inayobanwa na kompyuta, ambayo ni kitu kizuri, ama kompyuta inabana breki ya gurudumu linalozunguka bure. Ya pili inapasha joto breki za nyuma na kula pedi, na ukiwa uwanjani baada ya mizunguko michache breki hizo huanza kulegea.

Breki zenyewe watu huzihukumu kwa rangi ya kalipa, kile kibanio cha pedi. Tazama namba. Gari la kilo 1,500 likisimama kutoka kilomita 100 huzalisha joto la megajuli 0.58. Likipunguza kutoka 200 hadi 80, kama linavyofanya mwisho wa mnyoofu wa uwanja, ni megajuli 1.9, na litarudia hivyo kila baada ya dakika moja au mbili. Ndiyo maana mita za kusimama kutoka 100 hupima matairi zaidi kuliko breki. Tafuta kipenyo cha diski za mbele, upana wake, na njia ya hewa ya kuzipoza. Ukifika uwanjani, pedali ikizama laini hadi chini, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 yanatakiwa yavumilie angalau nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hushuka hadi 155. Pedali ikiwa ngumu na gari halitaki kusimama, ni pedi zimepita joto lake. Tiba ya la kwanza ni mafuta mapya na kutoa hewa, ya la pili ni pedi za daraja jingine. Wengi hubadilisha kalipa bure.

Matundu ya bodi yaingize kidole, au omba picha ya karibu. Supra ya 2019 ilichekwa kwa matundu mengi yaliyozibwa kwa plastiki. Jibu la waliolitengeneza lilikuwa kwamba yanaweza kufunguliwa kwa ajili ya mashindano. Kinachohesabika ni kilicho nyuma ya tundu: rejeta, kipoza oili, intakula (kipoza hewa ya turbo). Kama ni injini ya turbo na hakuna kipoza oili kinachotajwa popote, huenda kompyuta ikapunguza nguvu mapema siku ya joto. Tazama pia mafuta yanaingiaje. Nozeli zinazopulizia ndani ya silinda pekee hazioshi valvu za kuingizia hewa, na masizi hujikusanya hapo hadi injini ianze kutetemeka ikiwa imesimama. Injini zenye nozeli seti mbili, ndani ya silinda na kwenye njia ya hewa, hazina usumbufu huo kwa kiasi kikubwa.

Na kama moyo umeshakuvuta kuweka amana, kumbuka Jaguar XJ220. Birmingham mwaka 1988 ilionyeshwa na silinda 12 na magurudumu manne yanayovuta. Iliyotoka mwaka 1992 ilikuwa na silinda 6 zenye turbo na magurudumu mawili ya nyuma tu, na baadhi ya waliokuwa wameweka amana wakaishia mahakamani. Kwa hiyo mkataba wa amana uwe na vitu vitano vilivyoandikwa: aina ya injini, aina ya giaboksi, magurudumu yanayovuta, uzito pamoja na kipimo chake, na tarehe ambayo baada yake unarudishiwa fedha zako zote bila makato.